Maswali Yenu: Kuzunguka Miji ya Japani kwa Treni kwa Mara ya Kwanza

Barua za mwezi huu zimejaa Japani, kwa hiyo ukurasa wote tumeupa treni. Nauli tulizotaja ni za mtu mzima mmoja katika daraja la kawaida, kwa yeni. Hupanda au kushuka kwa yeni 200 hadi 400 kufuatana na msimu, basi zitazame tena siku unapolipa.

Mimi na mume wangu tuna siku kumi mwezi wa Oktoba. Tungependa kuona Tokyo, Kyoto, Nara, Osaka, Hiroshima, na Sapporo pia. Tuanzie wapi? (Msomaji, Dar es Salaam)

Dada, Sapporo iacheni kwa safari nyingine. Iko Hokkaido, kisiwa cha kaskazini. Reli ya mwendokasi, yaani shinkansen, haijafika huko. Inaishia Shin-Hakodate-Hokuto, na kutoka Tokyo mtakaa kwenye treni karibu saa nane kwenda tu. Miji mingine mliyoitaja imepangana vizuri: Tokyo, Kyoto, Osaka na Hiroshima zote ziko kwenye njia moja ya shinkansen inayoelekea magharibi, na Nara iko pembeni kidogo ya Kyoto.

Kabla ya hoteli, amueni mnaingilia wapi na mnatokea wapi. Hapo ndipo wageni wengi hupoteza pesa. Tafuteni tiketi ya ndege itakayowashusha Tokyo (Narita au Haneda) na kuwachukua uwanja wa Kansai, ulio karibu na Osaka. Kutoka kwetu hakuna ndege ya moja kwa moja, lakini ukibadilisha Doha au Dubai unaweza kutua Tokyo na kuondokea Osaka kwa shirika lilelile. Mkikata tiketi ya kwenda na kurudi Tokyo, mtalazimika kurudi mashariki kwa zaidi ya yeni 14,000 kila mmoja, na nusu siku itakuwa imekwenda.

Tunashauri usiku minne Tokyo, mitatu Kyoto, mmoja Hiroshima na mmoja Osaka. Nara msilale, nendeni na kurudi siku hiyohiyo. Treni ya JR (kundi la kampuni kubwa za reli za Japani) iitwayo Miyakoji hutoka Kyoto na kufika kwa dakika 45 hivi, yeni 720. Kila mnapohama hoteli mnapoteza sehemu kubwa ya siku: hoteli nyingi za huko hutoa wageni saa nne au saa tano asubuhi na kupokea saa tisa alasiri. Mkilala miji sita kwa siku kumi, mtakachokiona zaidi ni mabegi yenu.

Ratiba hii iandikeni mapema siku kwa siku, maana maombi ya viza ya Japani yanaidai: tarehe, mtakachofanya na mtakapolala.

Waliokwenda mwaka 2019 wananiambia ninunue Japan Rail Pass kabla sijaondoka. Bado ina faida? (Msomaji, Nairobi)

Kwa safari ya kawaida ya mara ya kwanza, hapana. Waliokushauri walisema kweli ya wakati wao: pasi ya siku 7, yaani tiketi moja ya kupandia treni za JR siku zote hizo, ilikuwa chini ya yeni 30,000. Oktoba 2023 ilipanda hadi yeni 50,000, ya siku 14 ikawa 80,000 na ya siku 21 ikawa 100,000. Nozomi, shinkansen ya haraka kuliko zote kwenye njia ya Tokyo–Kyoto–Hiroshima, bado haimo kwenye pasi. Ukitaka kuipanda unaongeza yeni 4,960 kati ya Tokyo na Kyoto.

Chukua ratiba tuliyompa dada wa Dar uipigie hesabu. Tokyo hadi Kyoto kwa Nozomi, kiti cha kuweka nafasi, ni yeni 14,170. Kyoto hadi Hiroshima ni kama 11,600, na Hiroshima kurudi Shin-Osaka ni kama 10,700. Jumla haifiki 37,000, na bado umepanda treni ya haraka zaidi.

Kuna njia nafuu zaidi ambayo wengi hawaijui. JR West wanauza pasi ya eneo iitwayo Kansai-Hiroshima Area Pass, siku 5 mfululizo kwa yeni 17,000. Inakupa shinkansen kati ya Shin-Osaka na Hiroshima, Nozomi ikiwemo, treni za JR za Kyoto na Nara, kivuko cha JR cha kwenda kisiwa cha Miyajima, na treni ya Haruka ya kwenda uwanja wa Kansai. Lipia Tokyo hadi Kyoto peke yake, lala, kisha anza pasi asubuhi yake: Nara, siku ya Kyoto, Hiroshima, Osaka, uwanja wa ndege. Siku tano kamili.

Wengi hukosea sehemu moja. Pasi hiyo haigusi shinkansen kati ya Kyoto na Shin-Osaka, kwa sababu kipande hicho ni cha kampuni nyingine, JR Central. Unatoka Kyoto kwa treni ya kawaida ya haraka iitwayo Shinkaisoku, unafika Shin-Osaka kwa dakika 24 hivi, na hapo ndipo unapopanda shinkansen. Ukipanda shinkansen moja kwa moja kutoka Kyoto utatozwa nauli ya kipande hicho.

Anayekwenda upande mmoja tu bila kurudi, kwa mfano Tokyo hadi Hiroshima akipumzika Kyoto, ana njia nyingine. Aende dirishani stesheni akate tiketi moja ya nauli ya msingi (bila ada ya mwendokasi, inayolipwa kando) Tokyo–Hiroshima, yeni 11,880. Kwa umbali huo tiketi hudumu siku 6 na inaruhusu kushuka njiani. Nauli hizohizo zikikatwa vipande viwili ni 8,360 na 6,600. Tiketi za mwendokasi atakata moja kwa kila kipande. Hili halifanyiki kwenye programu ya simu, linataka tiketi ya karatasi.

Nimezoea SGR ya Mombasa–Nairobi: kitambulisho, ukaguzi wa mizigo, kufika saa nzima kabla. Shinkansen inapandwaje hasa? (Msomaji, Mombasa)

Hakuna ukaguzi wa mizigo na hakuna anayedai kitambulisho getini. Lakini treni haikungoji. Kituo kama Kyoto inasimama dakika moja au mbili, kisha milango inafungwa.

Tiketi ya karatasi mara nyingi ni mbili: ya nauli ya msingi na ya mwendokasi. Zote mbili unaziingiza getini pamoja, zinatokea upande wa pili, unazichukua. Kosa la kawaida ni kuingiza moja tu. Geti linafunga na kupiga kelele. La pili ni kuzisahau upande wa pili, na bila hizo hutatoka mwisho wa safari.

Tiketi ina jina la treni, namba, saa, behewa na kiti. Soma namba ya treni, usitegemee jina peke yake, kwa sababu Nozomi zinaweza kufika 12 kwa saa moja. Tarehe huanza na mwezi: 10月7日 ni tarehe 7 Oktoba, sio 10 Julai. Saa ni za mtindo wa 24, kwa hiyo 13:30 ni saa saba na nusu mchana. Usiku wa manane hadi alfajiri shinkansen haisafiri kabisa, na treni za mijini nyingi hukoma karibu na saa sita usiku.

Juu ya jukwaa, namba za mabehewa zimechorwa chini. Simama kwenye yako kabla treni haijafika. Kutoka behewa la 2 hadi la 15 ni mbali, na huwezi kukimbia na begi kwa dakika moja.

Ukitaka kuona mlima Fuji, chagua kiti E dirishani. Ukitoka Tokyo unauona kulia baada ya dakika 40 hadi 45 hivi. Ukirudi, E ni ileile, ila sasa iko kushoto. Mawingu yakishuka hutauona, na asubuhi mapema ndiyo yenye matumaini zaidi.

Je, lazima kuweka nafasi? Nozomi ina mabehewa mawili tu ya viti huru (visivyowekewa nafasi), la 1 na la 2, na katika sikukuu kubwa hata hayo huondolewa: mwisho wa Aprili hadi mwanzo wa Mei, katikati ya Agosti, na mwisho wa mwaka. Siku za kawaida unaweza kukata tiketi stesheni asubuhi hiyohiyo. Siku za sikukuu kata mapema. Tiketi hufunguliwa mwezi mmoja kabla, saa nne asubuhi ya Japani, ambayo kwetu ni saa kumi alfajiri. Pesa ya kwenye simu tuliyoizoea haipokelewi stesheni. Beba kadi ya benki na noti za yeni. Mashine za pesa za 7-Eleven hukubali kadi nyingi za nje.

Ndani ya miji je? Naona ramani ya reli za Tokyo na kichwa kinauma. (Msomaji, Arusha)

Usihangaike na ramani nzima. Nunua kadi ya nauli: Suica au Pasmo upande wa Tokyo, Icoca upande wa Osaka. Yoyote kati ya hizo inafanya kazi katika miji yote tuliyoitaja kwenye ukurasa huu, kwenye treni, mabasi na maduka mengi. Unagusa kuingia, unagusa kutoka. Simu nyingi za Android zilizouzwa nje ya Japani haziwezi kubeba kadi hiyo ndani yake, kwa hiyo chukua ya plastiki. Kuiongezea salio, mashine nyingi zinataka pesa taslimu.

Kadi hiyo haivuki maeneo. Ukigusa Tokyo na kupanda treni za kawaida hadi nje ya eneo hilo, geti la huko litakukatalia na utapelekwa dirishani. Safari ya mbali ina tiketi yake.

Ukitumia simu kutafuta njia, angalia namba ya jukwaa na jina la mlango wa kutokea. Shinjuku, stesheni kubwa ya Tokyo, ina milango zaidi ya 200. Ukitokea mlango usio wako unaweza kutembea robo saa kurudi ulikokusudia. Saa moja na nusu hadi saa tatu asubuhi kaa mbali na treni za Tokyo kama una sanduku.

Kyoto watu huganda kwenye mabasi. Kwa hekalu la Fushimi Inari, lile la malango mekundu, basi halina maana: treni ya JR ya njia ya Nara inafika stesheni ya Inari kwa dakika tano, yeni 150. Panda ile inayosimama kila kituo. Miyakoji inapita Inari bila kusimama, na kila siku kuna mgeni anayeitazama stesheni yake ikipita dirishani.

Natokea Muscat na familia, tuna masanduku manne makubwa. Kuna tatizo? (Msomaji, Oman)

Pima urefu, upana na kimo, ujumlishe. Jumla isiyozidi sentimita 160 haina masharti, na masanduku mengi yanayokubaliwa na mashirika ya ndege yapo chini ya hapo. Kati ya 160 na 250, kwenye shinkansen ya Tokyo–Osaka–Hiroshima lazima uweke nafasi ya kiti chenye sehemu ya mizigo mikubwa, safu ya mwisho ya behewa. Haiongezi nauli, lakini ukiingia nalo bila nafasi unatozwa yeni 1,000. Zaidi ya 250 haliruhusiwi.

Kwa masanduku manne, ushauri wetu ni msiyapande nayo treni kabisa. Mapokezi ya hoteli yatayatuma kwa huduma iitwayo takkyubin hadi hoteli inayofuata. Tokyo hadi Kyoto kwa kawaida hufika kesho yake, kama yeni 2,000 hadi 3,000 kwa sanduku. Bakini na begi dogo lenye nguo za usiku mmoja, dawa na pasipoti. Watoto wa miaka 6 hadi 11 hulipa nusu nauli. Walio chini ya hapo wanakaa bure mkiwapakata, ila mkiwatakia kiti chao mtakilipia.

Chakula halali na sala tukiwa njiani? (Msomaji, Unguja)

Ndani ya shinkansen kula ni ruhusa, na stesheni zinauza vyakula vya boksi vinavyoitwa ekiben. Vingi vina mirin, ambayo ni pombe ya kupikia, hata kama ni vya samaki. Jifunze alama mbili: 豚 ni nguruwe, 酒 ni pombe. Sikio linaweza kukudanganya, kwa sababu neno "sake" ni pombe na pia ni samaki aina ya salmoni, ambaye huandikwa 鮭. Wenye tahadhari hununua matunda na wali wa kufinyanga wenye umeboshi (tunda chachu lililokolezwa chumvi), wakasoma viungo kwanza. Mlo wa uhakika utafute mjini, kwenye mikahawa yenye cheti.

Viwanja vya Narita, Haneda na Kansai vina vyumba vya sala. Tokyo kuna msikiti wa Tokyo Camii, hatua chache kutoka stesheni ya Yoyogi-Uehara. Msikiti wa Kobe, wa mwaka 1935 na wa kwanza kujengwa Japani, ni mwendo wa dakika kumi hivi kutoka stesheni ya Sannomiya. Kobe ni karibu sana na Osaka. Kibla kiko magharibi, kikielekea kaskazini kidogo.

Na nikichelewa treni, au tufani ikipiga? (Msomaji, Kampala)

Ukiikosa treni uliyowekea nafasi kwa tiketi ya kawaida, unaweza kupanda viti huru vya treni inayofuata siku hiyohiyo. Tiketi za punguzo nyingi hazina ruhusa hiyo. Treni yenyewe ikichelewa saa mbili au zaidi, unarudishiwa ada ya mwendokasi dirishani. Beba tiketi, usiitupe.

Agosti hadi mwanzo wa Oktoba ni msimu wa tufani. Reli hutangaza kusimamisha treni hata siku moja kabla, na nauli hurudishwa bila makato. Siku ya kuhama kutoka Hiroshima usiiweke siku moja na ndege yako ya kurudi.