Maswali ya Wasomaji: Watoto Wetu na Mtandao

Binti yangu wa miaka 15 alizoeana na mtu Instagram, akamtumia picha za utupu. Sasa anadai 50,000, la sivyo atazisambaza kwa wenzake shuleni. Nimemnyang'anya simu. Baba yake anataka tulipe yaishe. – Mama, Mbagala

Mama, msilipe. Mtu huyu akishaona hofu inaleta pesa, atarudi na dai kubwa zaidi, na picha atabaki nazo vilevile.

Simu mrudishie leo, kisha mkae pamoja, kwani ushahidi wote umo humo. Msifute chochote. Pigeni picha za skrini zinazoonyesha vitisho pamoja na tarehe, jina la mtumiaji wa akaunti (lile lenye herufi ndogo, si jina la kujipamba), na namba anayotaka itumiwe pesa. Namba hiyo ina uzito kwa polisi, maana laini zetu husajiliwa kwa alama za vidole. Fanyeni haraka: akifuta jumbe zake, zinatoweka hata kwa binti. Mkishahifadhi, ripotini akaunti ndani ya Instagram, ndipo mumbloku.

Picha zenyewe msimtumie shangazi wala mjumbe ili "aone". Kila anayetumiwa anabaki na nakala. Ipo huduma ya bure iitwayo Take It Down, ya NCMEC, kituo cha Marekani cha watoto waliopotea na wanaonyanyaswa, kwa picha za utupu za mtu aliyepigwa picha akiwa chini ya miaka 18. Picha haitoki kwenye simu yenu. Kinachopelekwa ni alama yake ya kidijitali, na mitandao iliyojiunga, ikiwemo Instagram na TikTok, huitumia kuitambua na kuiondoa. Ina mipaka: picha ikihaririwa alama hubadilika, na ndani ya mazungumzo ya WhatsApp haifiki.

Pigeni 116, namba ya msaada kwa watoto, ni bure. Kisha nendeni Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi.

Kuhusu kumnyang'anya simu, tunakusihi usirudie. Watu wa aina hii huwatisha watoto kwa maneno hayo hayo: "Ukimwambia mama atakupiga, atachukua simu." Ukifanya hivyo, binti anaona kuwa tapeli alisema kweli, na safari ijayo atanyamaza. Mwambie waziwazi kwamba hatapigwa, kwamba amefanya vema kusema, na kwamba mkosaji ni huyo anayemtisha. Bila hilo, hatua zote tulizotaja hazina pa kuanzia.

Nataka kuwafundisha kidato cha pili kupima habari za mtandaoni. Simu darasani ni yangu tu. – Mwalimu, Temeke

Moja inatosha, Mwalimu. Kila masika picha za bonde la Jangwani, Dar es Salaam, likiwa limejaa maji huzunguka kwenye magrupu, nyingine za miaka iliyopita, zikiwa na maelezo "leo asubuhi". Chukua moja, waonyeshe bila kusema kama ni ya kweli, na uandike ubaoni: Nani kasema? Lini? Nani mwingine kasema? Wajadili watano watano kwa dakika kumi kabla hujagusa simu tena.

Kwenye "nani" wengi wataandika "mjomba" au "grupu la ukoo". Usipite hapo haraka, kwa sababu ndicho kiini cha somo: aliyefowadi siye aliyesema. Waonyeshe mishale miwili ya WhatsApp, ambayo maana yake ujumbe umepita mikono isiyopungua mitano tangu kwa mwenyewe. Haithibitishi kuwa ni uongo, bali kwamba chanzo kiko mbali.

Sasa ipitishe picha kwenye Google Lens, zana ya kutafuta mtandaoni picha inayofanana, mtafute tarehe ya zamani kuliko zote, si jibu la kwanza kutokea. Ikiwa ilishachapishwa kwenye mafuriko ya Desemba 2011, si ya leo, basi. Wanafunzi huteleza upande wa pili: picha isipopatikana wanaamua ni mpya. Huenda imekatwa, imegeuzwa kushoto kulia, au haijawahi kuwekwa kwenye tovuti ya wazi. Voisi nazo Lens haizipimi; ya mvua yaulizwe Mamlaka ya Hali ya Hewa, na ya kufunga shule yaulizwe shule yenyewe.

Mwanangu alimpa "rafiki" namba sita zilizoingia kwa SMS. Sasa WhatsApp yake inaomba watu pesa. – Baba, Tabata

Jisajilini upya WhatsApp kwa namba ileile kwenye simu yake. SMS mpya yenye namba sita itaingia kwenye laini yenu, na mkizijaza, mwizi anatolewa. Mwizi akiwa ameweka PIN ya hatua mbili (namba ya siri ya ziada ya WhatsApp), itawabidi msubiri siku 7, lakini naye hatakuwa ndani. Wakati huo wapigieni ndugu wasitume kitu, na namba ya kupokelea pesa ipelekeni 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu. Mkirudi ndani, wekeni PIN yenu ya hatua mbili, na mtoto aijue kwa kichwa.