Ruaha mwezi wa tisa: nendeni tu

Dada, umeuliza kama mwezi wa tisa Hifadhi ya Taifa ya Ruaha kumekauka mno kwenda na watoto kutoka Mbeya. Kumekauka kweli, na ndiyo raha yenyewe! Maji yakibaki madimbwi, wanyama hawana pengine pa kwenda. Egesheni kando ya mto wa mchanga kama Mwagusi mtulie: tembo wanachimba kwa miguu na mkonga mpaka maji yatoke, wengine wanangoja zamu. Tandala mkubwa na mdogo wote wapo.

Laleni Iringa, toka hapo mpaka Msembe, makao makuu ya hifadhi, ni zaidi ya kilomita 100. Sweta za Mbeya ziacheni kwenye begi, huko bondeni ni joto. Nguo za bluu na nyeusi msivae kabisa, mbung'o wanazifuata.