Kukutwa hujajiandaa: niandike nahau ipi ya Kiingereza?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni msimamizi wa stoo. Wakaguzi walitujia bila taarifa wakati nusu ya mzigo haijaingizwa kwenye leja. Kwenye ripoti yangu ya Kiingereza niliandika "we were caught red-handed", nikikusudia kwamba walitukuta hatujajiandaa. Meneja aliniita na kuniuliza tumeiba nini. Nilitakiwa niandikeje? Na je, "caught off guard", "caught napping" na "caught flat-footed" zote ni sawa?

Jibu: Marahaba. Meneja wako alikuwa na haki ya kushtuka. "Red-handed" imetoka katika sheria za kale za Uskoti, ikimhusu mtu aliyekamatwa damu ingali mikononi. Mpaka leo ni nahau ya mkosaji aliyefumwa akitenda au akiwa na kidhibiti. Kwetu ni yule mwizi aliyekutwa na ngozi. Suala la kujiandaa halimo kabisa. Nakusihi uirekebishe ripoti hiyo mapema, maana karatasi za ukaguzi hutunzwa, na kesho zitasomwa na watu wasiokufahamu.

Hizo tatu nyingine si sawa. Kabla ya kuchagua, jiulize lawama inamwangukia nani.

"Caught off guard" haimlaumu mtu sana. "Guard" ni ule mkao wa bondia au mpigana upanga anayejikinga. Hata aliye makini hushusha mikono mara moja akapigwa. "Caught napping" ni nzito zaidi: ulisinzia wakati kazi yako ilikuwa kukesha. Ukiiandika, umekiri uzembe kwa saini yako. "Flat-footed" nayo inaelekea huko huko. Ni mchezaji aliyetuliza nyayo zote chini, mpira ukija hawezi kuchomoka. Waandishi wa habari huipenda wanapoieleza serikali au kampuni iliyochelewa kuchukua hatua, na mimi nisingeitumia kujieleza kwa wakubwa wangu.

Kuna mbili za kuziepuka ofisini. "Caught with our pants down" inabeba fedheha, tena kwa Waingereza "pants" ni chupi. "Caught short" kwa Mmarekani huweza kuwa kupungukiwa fedha, lakini kwa Mwingereza mara nyingi ni kubanwa na haja ukiwa mbali na choo.

Pengine utavutiwa na "we were blindsided", kwa kuwa inakuondolea lawama. Hapo pia kuna mtego. Inatumika sana katika futiboli ya Kimarekani, ambako mchezaji hugongwa kutoka upande asiouona, na kwa hiyo inamnyooshea kidole aliyekugonga au aliyekuficha habari. Wakaguzi wana haki ya kuja kwa kushtukiza, hawakukufanyia hila. "Out of the blue", yaani kama radi kwenye anga lisilo na wingu, haimlaumu yeyote, ila ni ya mazungumzo zaidi kuliko ya ripoti.

Nimeona pia watu wakiandika "taken aback" kwa maana ya kutojiandaa. Hiyo inahusu mshtuko wa moyoni. Ni lugha ya mabaharia wa meli za matanga: upepo ukigeuka ghafla ukaja kwa mbele, matanga hubanwa kwenye mlingoti na meli husita au hurudi nyuma. Meneja wako ndiye aliyekuwa "taken aback" aliposoma sentensi yako.

Kwa hiyo andika: "The unannounced visit caught us off guard, as half of the stock had not yet been entered in the ledger." Ukianza na "we were caught off guard", kihusishi kinachofuata ni "by", si "with". Na kama kweli leja ilicheleweshwa kwa uzembe, acha nahau zote useme wazi: "We were not prepared for the inspection", kisha taja tarehe ambayo leja itakamilika. Meneja ataitafuta hiyo tarehe kabla ya kitu kingine chochote.