Tofauti ya 270,000 ilivyonifundisha kuzisoma namba ndefu

Ninyi mnaoanza kazi ya kushika daftari la mauzo hapa Kampala, namba za mamilioni mtazizoea upesi. Kwa shilingi yetu, hata mauzo ya asubuhi hufika tarakimu saba. Nawaomba jambo moja: hesabu zikikataa kulingana, msikimbilie kujumlisha upya. Itazameni kwanza ile tofauti.

Mwaka wangu wa kwanza katika duka moja la jumla pale Kikuubo, pesa zilipungua 270,000 kuliko daftari. Nilijumlisha na kurudia mpaka giza likaingia, moyo ukinidunda nisije nikaitwa mwizi. Mhasibu wetu, mama mtu mzima, akaiangalia tofauti ile: 2 na 7 ni 9. "Inagawanyika kwa 9, mwanangu. Tafuta tarakimu mbili jirani zilizobadilishana nafasi, na zinapishana kwa 3." Tukaikuta risiti ya 1,470,000 niliyoiandika 1,740,000.

Siri yake ni hii. Ukigeuza tarakimu mbili zilizokaa jirani, kosa huwa 9 mara tofauti ya tarakimu hizo. 7 toa 4 ni 3, na 9 mara 3 ni 27. Zile sifuri nne zinazofuata zinakuambia kwamba zilizogeuzwa ziko kabla ya tarakimu nne za mwisho. Sifuri iliyosahaulika nayo huacha alama ya 9: andika 5,000 badala ya 50,000, utakosa 45,000. Ila msijumlishe tarakimu za risiti yenyewe mkitegemea kuona kosa. Za 1,470,000 zinafika 12, na za 1,740,000 ni 12 vilevile. Dalili iko kwenye tofauti tu.

Jioni zoezeni macho. Mimi huwapa wageni 241,038, idadi ya kilomita za mraba za Uganda inayoandikwa mara nyingi. Inaishia na 8, kwa hiyo inagawanyika kwa 2. Tarakimu zake zinafika 18, kwa hiyo hata kwa 9. Igawe kwa 18, utapata 13,391. Gawa tena kwa 7, utapata 1,913.

Hapo ndipo wengi huchoka bure, wakijaribu kuigawa 1,913 kwa 47, 53, 59 na kuendelea. Jaribuni namba tasa peke yake, na mkifika 43 acheni. 44 mara 44 ni 1,936, imeshaipita 1,913. Kama ingekuwa na kigawo kikubwa zaidi ya hapo, kingekuwa na mwenzake mdogo ambaye mngeshakutana naye njiani. Mpaka 43 hakuna hata moja inayoigawa bila baki. Basi 1,913 yenyewe ni namba tasa, na 241,038 ni 2 × 3 × 3 × 7 × 1,913. Kutokana na hizo hupatikana vigawo 24, ukianza na 1 na kumalizia na namba yenyewe. Viandikeni vyote 24 kwa mkono, kalkuleta ikiwa kwenye droo.