Gapi wangu jike amepinda mgongo: ni uzazi au ni ugonjwa?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nina gapi sita, wale samaki wadogo wa mapambo, kwenye tangi la kioo la lita 40, madume wanne na majike wawili. Jike mkubwa nimekaa naye mwaka na miezi minne, na amezaa mpaka hesabu imenipotea. Tangu mwezi wa tano naona mgongo wake umebonyea nyuma ya pezi la juu, tumbo limeshuka, na akiogelea mkia unazama. Kula bado anakula. Jirani anasema nimtupe, ataambukiza wenzake. Mwanangu wa darasa la nne akisikia hivyo analia. Je, ni kuzaa sana au ni ugonjwa?
Mama wa wawili, Nkuhungu, Dodoma

JIBU: Marahaba, mama. Usimtupe. Mwambie na huyo mtoto afute machozi.

Kilichonituliza kwenye barua yako ni hayo maneno “tangu mwezi wa tano”. Nikiletewa gapi aliyepinda, kwanza nauliza alianza lini. Wako alikaa amenyooka mwaka mzima, kisha akapinda polepole huku anakula. Gapi wengi huishi kama miaka miwili, kwa hiyo huyo ni bibi tayari. Mimba yake huchukua wiki tatu hadi nne na ushee, na jike mkubwa huweza kuzaa vifaranga 30, 50, hata zaidi ya 100 kwa mkupuo. Akishapandwa mara moja, mbegu za dume anazitunza mwilini miezi kadhaa na kuzitumia kidogo kidogo. Mwili wake haupumziki. Tumbo linavuta chini mwezi hadi mwezi, misuli inachoka, na uti wa mgongo unafuata.

Nilikuwa na wa namna hiyo hapa kwangu Ipagala, wa rangi ya majivu, mkia una madoa ya njano. Asubuhi moja jua liliingia dirishani likampiga ubavuni. Nyuma ya tumbo, mwili wa gapi jike hupitisha mwanga, na nikauona uti wake kama uzi uliolegea: umeshuka nyuma ya pezi, kisha umepanda tena kuelekea mkiani. Alikuwa ameegemea jani, kichwa juu, anahema haraka. Nikamhamishia kwenye beseni lenye majani ya maji, pamoja na majike wawili wadogo, bila dume. Hakunyooka, maana mgongo wa hivyo haurudi. Lakini kule kuhema kuliisha, akaanza tena kupanda juu kupokea chakula, na akaishi miezi mitano mingine. Alizaa mara mbili humo humo.

Kwa hiyo kinachoniuma kwako ni hao madume wanne kwa majike wawili. Dume wa gapi anamfuata jike kutwa nzima, na wakiwa wanne bibi huyo hapati pa kujificha. Inatakiwa dume mmoja kwa majike wawili au watatu. Mtenge leo, mwekee majani mengi, na maji yasiwe na kina kirefu ili asihangaike kupanda.

Maji yasikutie wasiwasi. Haya yetu ya visima vya Makutupora ni magumu, ule ukoko mweupe kwenye birika unayasema, na gapi huyapenda hivyo hivyo. Yaache tu kwenye ndoo wazi siku moja au mbili klorini itoke. Baridi ndiyo ya kuangalia. Usiku wa Juni na Julai hapa hushuka hadi karibu nyuzi 14, na gapi anataka 24 hadi 28. Kama huna hita, toa tangi dirishani na ulizungushie blanketi jioni.

Chakula nacho kina neno. Samaki akikosa vitamini C, mifupa yake hupinda, na vitamini hiyo hupotea chakula kikikaa wazi kwenye joto. Vile vifuko vya nailoni vinavyopimwa dukani hujui vimekaa muda gani. Nunua kopo dogo lililofungwa, ongeza viluwiluwi vya mbu na mchicha uliochemshwa ukalainika.

Jirani yako hajakosea kila kitu. Kuna kifua kikuu cha samaki, na chenyewe hupinda mgongo. Ila hapo utaona samaki anakonda, anakataa chakula, ana vidonda au rangi inafifia, na mara nyingi anafuatia wa pili na wa tatu. Tiba ya kutegemewa hakina, na bakteria wake huingia kwenye ngozi ya mtu mwenye mchubuko, akatokwa na vinundu mkononi visivyopona upesi. Ukiwa na kidonda usitie mkono tangini. Na mama, usivute maji ya tangi kwa mpira ukitumia mdomo, hata kama samaki wote ni wazima! Nimeona watu wengi wakifanya hivyo.

Kilichobaki ni vifaranga, na hapa ningependa uwe mkali. Kupinda kunakoanza utotoni mara nyingi ni kwa kurithi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Simon Fraser, Kanada, wamechunguza ukoo wa gapi waliopinda hivyo: wanazaliwa wamenyooka, wanapinda wakikua, na majike ndio hupinda zaidi. Kifaranga wa hivyo mlee kama wenzake, lakini usimwachie azae. Na kama samaki wako wote ni wa tumbo moja, omba dume kwa mfugaji mwingine.

Mpe mwanao tochi, awamulike vifaranga kwa ubavu kila Jumamosi na kuandika kwenye daftari. Bibi akizaa tena, niandikieni wamepatikana wangapi, na wangapi wamenyooka wakifikisha miezi miwili.