Maswali ya Wasomaji: Panzi Wakubwa wa Chicago

SWALI: Bi. Mhariri, shikamoo. Wikiendi iliyopita mimi na wadogo zangu tuliangalia filamu ya zamani ya Kimarekani isiyo ya rangi, Beginning of the End. Panzi wakubwa kuliko basi wanauvamia mji wa Chicago. Kuna mahali panzi anapanda ghorofa, ukuta unaisha, yeye anaendelea kutambaa hewani. Wadogo zangu walicheka mpaka machozi. Hivi kweli watu wa wakati ule walitishika na vitu hivi? Na mbona kila filamu ya aina hii inaanzia kwenye mionzi ya nyuklia? — Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwaka 1957 mwongozaji Bert I. Gordon hakuwa na pesa za kujenga mji wa mfano. Alichukua picha za kawaida za maghorofa ya Chicago, akawaachia panzi halisi watambae juu yake, kamera ikiwafuata kwa karibu. Panzi hajui ghorofa linaishia wapi. Akifika juu anapitiliza, anaingia kwenye anga lililomo humohumo kwenye picha. Ndicho mlichokiona.

Lakini hofu ilikuwa ya kweli. Tangu Januari 1951 Marekani ilikuwa ikilipua mabomu ya majaribio katika jangwa la Nevada, kama kilomita 105 kutoka Las Vegas, na mwanga wake ulionekana mjini. Machi 1, 1954 ikalipua bomu la haidrojeni kwenye visiwa vya Bikini, katika Pasifiki. Wavuvi 23 wa Kijapani waliokuwa wakivua jodari waliangukiwa na majivu meupe yenye mionzi, wote wakaugua. Aikichi Kuboyama, fundi wa redio wa chombo chao, alifariki Septemba mwaka huohuo. Novemba 3 Japani ikatoa Gojira, filamu ya dude lililoamshwa na mabomu ya haidrojeni, na filamu ile inafungua na chombo cha baharini kinachoteketea kwa mwanga wa ghafla. Mtazamaji wa Kijapani alijua anaonyeshwa nini.

Huko Marekani kwenyewe Rais Eisenhower alikuwa ameshahutubia Umoja wa Mataifa, Desemba 1953, akiisifia atomu ya amani, yaani nguvu za nyuklia kwa matumizi yasiyo ya vita. Waliothubutu kuiuliza atomu hiyo maswali mabaya, Ijumaa baada ya Ijumaa, ni watengeneza filamu za bei ya chini, na ndiyo maana nazipenda na kuzitetea. Soko lao lilikuwa vijana kwenye sinema za kukaa ndani ya gari (wazee wa Dar es Salaam wanaikumbuka ile ya Msasani), tiketi moja filamu mbili. Mmoja wao, Roger Corman, alikuwa akipiga filamu nzima kwa wiki moja au mbili.

Na ufukara ule uliwafundisha ufundi. Ninyi watu wa Tanga mnamjua pweza, basi itafuteni It Came from Beneath the Sea ya mwaka 1955, mhesabu mikono ya pweza anayelivunja daraja la San Francisco. Ni sita. Fundi Ray Harryhausen alikuwa akiisogeza sanamu kidogo, anapiga picha moja, anaisogeza tena, na sekunde moja ya filamu inataka picha 24. Kila mkono ni kazi na ni pesa, kwa hiyo miwili ikaachwa. Mikono haitoki majini yote kwa pamoja, kwa hiyo wengi hawakugundua.

Mnaotaka kutishika hasa, anzeni na Them! ya mwaka 1954. Hiyo ilikuwa na pesa zaidi, ingawa studio iliwanyima za rangi dakika za mwisho. Mtoto wa kike anatembea peke yake katika jangwa la New Mexico, kavaa nguo za kulalia, kakumbatia mwanasesere aliyevunjika kichwa, haongei. Upepo unaleta mlio mkali wa kukereketa, na hamwonyeshwi chochote. Sisimizi wenyewe, waliotokana na jaribio la bomu la 1945, wanakuja baadaye sana. Linganisheni na The Giant Claw ya 1957, ambayo inamwonyesha ndege wake kila mara, na ndege mwenyewe ana shingo ndefu na macho ya kutumbua. Waigizaji walimwona kwa mara ya kwanza filamu ilipokwisha kutoka. Hapo hata mimi nacheka.

SWALI: Je, kitaalamu mionzi inaweza kumfanya mdudu akue hivyo? — Msomaji, Kigoma

JIBU: Haiwezi. Mkuze sisimizi mara 10 kwa urefu, uzito wake unaongezeka mara 1,000, lakini nguvu ya miguu mara 100 tu, kwa sababu inategemea unene wake. Mwanasayansi wa Italia, Galileo, aliliandika jambo hili la ukubwa na uzito mwaka 1638. Tena mdudu hana mapafu, anavuta hewa kwa vitundu vya ubavuni, na hewa hiyo haimfikii ndani akiwa na mwili wa basi. Kuhusu mionzi, maabara ya Brookhaven, jimbo la New York, ilipanda mimea kuzunguka kobalti (aina ya metali) yenye mionzi iliyowekwa juu ya nguzo. Wafanyakazi wakitaka kuingia shambani, kobalti ilishushwa chini ya ardhi. Mimea iliyokuwa karibu na nguzo ilikufa, ya mbali kidogo ikaota uvimbe, ya mbali zaidi ikaonekana ya kawaida tu. Hakuna uliokua ukawa jitu.