Kununua kiwanja Dodoma: mfumo unakupa nini, na nini utakitafuta mwenyewe

Kila ndugu anayetaka kiwanja Dodoma ananiuliza: "Si kila kitu kiko kwenye mfumo wa ardhi wa mtandaoni siku hizi?" Namjibu kwamba malipo yako kwenye mfumo. Uhakika wa kiwanja bado unautafuta kwa miguu.

Malipo nayasifu kwa moyo wote. Namba ya malipo ya serikali imewabana matapeli kweli, kwa sababu fedha haipiti mkononi mwa mtu. Ukitumiwa namba ya simu ya mtu binafsi eti ndiyo ya kulipia umilikishaji, achana naye hapo hapo.

Bili ya pango la ardhi ina faida nyingine ambayo wengi wanaipita. Pango hukokotolewa kwa ukubwa wa kiwanja, matumizi yake na mahali kilipo, kwa hiyo kiasi chenyewe kinakudokeza kumbukumbu zinasemaje. Tulipomtafutia dada yangu kiwanja upande wa Nala, pango lilitoka kubwa kuliko la majirani. Kufuatilia, kumbe kilikuwa kimeingizwa kama cha biashara, wakati offa ya muuzaji, yaani barua ya kugawiwa kiwanja kabla ya hati, inasema makazi. Tukamtaka arekebishe kwanza, bei baadaye. Ila stakabadhi ya pango si hati. Muuzaji asikuoneshe hiyo ukadhani ndiyo umiliki.

Dodoma ina jambo lake pia: CDA, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu. Tangu 1973 mpaka ilipovunjwa 2017, yenyewe ndiyo iliyogawa viwanja vya mji, kwa mikataba ya miaka 33. Kazi ikahamia halmashauri, na hati zikawa za miaka 99. Ukiletewa karatasi za enzi ile, usiridhike kwa kuwa kiwanja kinaonekana kwenye mfumo. Chenye hati, omba upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati uone jina la mmiliki, na kama kuna rehani au zuio. Chenye offa tu, msajili hana cha kukuonesha. Nenda halmashauri wakafungue jalada, tena muuzaji awepo.

Halafu mchukue mpima mwende na ramani ya upimaji, mtafute bikoni zote, zile alama za mpaka, namba zake zisomeke. Kwenye kioo cha kompyuta kiwanja ni mraba safi, lakini kule chini unaweza kukuta jirani ameshamwaga msingi ndani ya mpaka wako. Na mpima mtafute wewe, asiletwe na dalali.